Chai Imekufa Ngomeni, Mama

Mama,

Chai imekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungetaka kulisikia kwanza, na kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka weee mpaka karatasi iishe bila kulisema. Ile chai tuliyoipanda ngomeni, mimi na mwanao Kiprono, wakati hukuwa umemaliza hata miezi minne kaburini, imekauka. Si yote. Nitakueleza iliyokufa ni ipi na iliyobaki ni ipi, maana hapo ndipo penye habari. Lakini cheka kwanza. Una haki. Najua ulivyokuwa ukicheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, sauti haitoki.

Ni mimi, Moraa, mke wa mwanao. Naandika kwenye daftari la mjukuu wako Chebet, ambaye yuko darasa la tano sasa na ameninung'unikia kwa kurasa nilizochana. Kusoma hukujua, basi nikimaliza nitakuja nikusomee pale juu ya ukuta wa ngome, kwa sauti, na atakayepita akidhani nimerukwa na akili shauri yake. Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa hiyo ndiyo lugha tuliyokuwa nayo, wewe na mimi. Kipsigis changu hadi leo watoto wanakicheka, na Kikisii wewe ulikubali kujifunza neno moja tu, nalo halikuwa la heshima. Kiswahili chako ulikipata kwa marehemu baba, mumeo, aliyekileta kutoka keya, jeshi la mkoloni, alipokuwa askari. Changu nilikiokota kwenye laini za wafanyakazi wa estate huko Kericho, baba yangu alikokuwa akichuma majani. Viswahili viwili vibovu, lakini vilitutosha miaka kumi na moja.

Na ya kwanza kati ya hiyo kumi na moja, Mama, hukunisemesha. Tusidanganyane kwa sababu umekufa. Nilifika Kimulot na sanduku langu la bati, ukanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, ukamwambia Kiprono jambo ambalo alikataa kunitafsiria mpaka tulipopata mtoto wa pili. Ulisema, "Wasirikwa walijenga ngome nzima kwa sababu ya wezi wa ng'ombe kama babu za huyu, na wewe umemleta kwa mlango wa jikoni." Nilipolisikia nilikasirika siku nzima. Siku ya pili nikajikuta nacheka peke yangu nikifua nguo.

Kwa sababu kufika wakati huo nilikuwa najua ngome ni nini, na Wasirikwa, wale watu wa kale wa huku, walikuwa akina nani. Watu wote wa huku walipaita Mashimo tu. Jirani yetu arap Sigei, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya chai, alikuwa akisema yalichimbwa na ndovu waliotafuta chumvi. Wengine walisema ni mahali pa kunyweshea ng'ombe. Mimi mwenyewe nilipoyaona mara ya kwanza niliona mabonde saba ya mviringo kwenye mteremko juu ya mto Itare, yamejaa nyasi, na tuta la udongo limeyazunguka kwa upande wa chini. Nilifikiri ni mahali pazuri pa kuanika mahindi. Basi.

Unakumbuka yule ndama mwekundu? Alitoroka kamba, akaingia kwenye shimo la tatu, nami nikaruka ndani kumfuata. Nikamkamata. Sasa kutoka ndiko kukawa kazi. Kuta zilikuwa zimenipita kichwa, zimenyooka na zina utelezi wa mvua, na kila nilipomvuta ndama juu tulirudi chini sote wawili kwa makalio. Nilizunguka humo nikitafuta pa kutokea na sikupaona, maana mlango ulikuwa umefunikwa na vichaka na ulikuwa umepindwa, huuoni mpaka uwe umesimama mbele yake. Nilipoinua macho wewe ulikuwa juu ukutani, umekaa, umeegemea jembe lako. Sijui ulikuwa hapo tangu lini. Ulikuwa unacheka ile ya mabega.

Ukasema, na hayo ndiyo maneno yako ya kwanza kwangu yasiyokuwa amri: "Umeona? Hii hapana shimo. Hii ni ngome. Mlango moja, ng'ombe moja, mtu moja. Mwizi naingia na furaha, natoka na shida."

Halafu ukashuka, ukanishika mkono, ukanionyesha mlango.

Tangu siku hiyo, kila tulipolima pamoja, ulinisomesha. Sina neno jingine. Nilikaa shule ya misheni miaka sita na hakuna mwalimu aliyenifundisha kitu kikakaa kama ulivyonifundisha wewe na jembe lako. Ulinionyesha jinsi walivyochagua mteremko ulio juu ya mto, ili adui akija kutoka chini aje na miguu ya maji na pumzi imemwishia, na ili ng'ombe wasiende mbali kunywa. Walichimba zizi ndani ya mlima, na udongo waliouchimba wakautupa upande wa chini ukawa ukuta, hivyo kazi moja ikatoa vitu viwili. Mtu aliyesimama ng'ambo haoni pembe hata moja, anaona kilima chenye nyasi. Mlango waliufanya mwembamba, wa ng'ombe mmoja, nao ulipita mbele ya nyumba ya mwenye mali, ubavuni kabisa, hivyo asiyekuwa na haki na hao ng'ombe ilibidi awapitishe mmoja mmoja puani pa mwenyewe. Chini ya mlango walichimba mfereji wa kutoa maji ya mvua na mkojo yateremke mtoni, na mavi waliyofagia kila asubuhi waliyarundika nje mpaka yakawa kichuguu. Ulinipeleka kwenye kichuguu hicho, ukachimba kwa vidole, ukanipa kigae cha chungu chenye michoro ya kamba. Ulikishika hivyo hivyo unavyoshika mtoto mchanga.

Neno ngome lenyewe ulilipata kwa baba. Aliporudi kutoka keya alikusimulia kwamba Mombasa kuna ngome ya mawe kando ya bahari, yenye mizinga, na kwamba siku alipoiona alifikiria hii ya kwao ya udongo. Ulipenda sana kulirudia hilo. "Ya Mombasa iko na mizinga. Ya yetu iko na ng'ombe. Lakini yote ni ngome." Na ulipolisema ulijinyoosha mgongo, wewe mwanamke mfupi, ukawa mrefu.

Na nyumba. Hapo ndipo watu walipokuwa wakikucheka zaidi. Mashimo yanaonekana, ni saba, hata mtoto anayahesabu. Wewe ulishikilia kwamba nyumba zilikuwa tisa. Ulisema mama yake mama yako alikuwa wa ukoo uliotokana na Wasirikwa waliobaki nyuma wengine walipoondoka na ng'ombe wao kwenda kusini, na kwamba yeye alikuambia: mazizi saba, nyumba tisa, kwa sababu zizi la juu kabisa lilikuwa kubwa na lililindwa na nyumba tatu. Lakini nyumba hazikuonekana. Palikuwa na majani tu, sawasawa, hapa na pale pamoja. Arap Sigei alikuuliza mbele ya watu, kanisani, ibada imekwisha tumesimama nje, "Mama, hiyo nyumba ya tisa ilikwenda wapi, ililiwa na ndovu?" Watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, Mama. Uliniona. Hukuniambia kitu, lakini njia nzima ulitembea mbele yangu.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ugawaji wa mashamba ulipofika kwetu, ngome iliangukia ndani ya mipaka yetu. Chai ilikuwa imeingia kila boma, na Kiprono alitaka kuongeza. Ni mimi niliyemwonyesha pale, si yeye. Nilikulia kwenye chai! Najua kuchuma kwa mikono miwili, majani mawili na ncha, kapu linajaa kabla mwingine hajafunika la kwake chini. Lakini mtoto wa mchumaji hukuta chai imeshapandwa, imeshazeeka kumpita baba yake. Sikuwahi kuona inapandwa wapi na kwa nini. Nilijua kitu kimoja: udongo mweusi ni udongo mzuri. Na udongo wa ngomeni ulikuwa mweusi kama sufuria, mahindi yako humo yalikuwa yananipita kimo, na maboga yako sikuweza kuyabeba mawili. Nikamwambia Kiprono, chai ikiingia hapo, Kimulot nzima itakuja kutuomba mbegu.

Ulikataa. Ulisema, "Hapo ni nyumba ya watu. Huwezi panda chai kwa jikoni ya mtu." Kiprono alidhani ni mambo ya mizimu. Mimi pia, mkristo wa misheni, nilijiona nimeelimika. Ulituambia hata magugu ya msituni, yale yanayovamia kila shamba la huku, hayajawahi kuota ndani ya ngome, na hatukuuliza kwa nini. Tulisikia tukaitikia, kisha tukanyamaza. Tulikuwa tunasubiri. Siwezi kulipamba hilo. Tulikuwa tunasubiri.

Na ulipoondoka, kwa kile kifua chako, msimu wa mvua ulipoanza, tuliingia na majembe. Mashimo yote saba, na mteremko wote wa kati na wa pembeni, mpaka karibu na mto. Tulipanda kwa mistari, kwa kamba. Ilipendeza sana. Mimi nilisimama juu nikajisifu.

Mwaka wa kwanza ilikuwa kijani. Mwaka wa pili majani yakaanza kugeuka rangi ya ndizi mbivu. Nikasema ni jua. Kiprono akasema ni wadudu, akanyunyiza kitu alichopewa na rafiki yake wa Sosiot, kikaua nyuki wetu na chai ikaendelea kufa. Nilikuwa naikwepa ile sehemu, nikienda mtoni nilipita njia ya mbali. Nilikuwa na haya, na sijui nilikuwa namwonea nani haya kama wewe haupo.

Halafu siku moja, mwezi uliopita, asubuhi ya jua kali, nilivuka mto kwenda kufua upande ule wenye miamba. Nilipomaliza kukamua blanketi nikainuka kunyoosha mgongo, nikatazama ng'ambo, upande wetu. Mama! Ungekuwa umesimama na mimi pale!

Mteremko wote ulikuwa wa kijani, chai nzima, imeshika. Ndani ya kijani hicho, mashimo saba, makavu, hakuna kilichobaki. Na ubavuni mwa kila mlango, mahali ambapo siku zote paliota majani sawasawa na kwingine, kulikuwa na duara. Duara la chai iliyokufa, la upana wa nyumba, limekatwa vizuri kana kwamba mtu alizunguka na kamba. Nje ya duara, mche mzima. Ndani ya duara, kijiti. Nikahesabu kutoka chini. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nikafika zizi la juu. Hapo nilihesabu mara nne, na mara ya nne nilikuwa nimeingia majini mpaka magotini bila kujua.

Tatu. Zizi la juu lina nyumba tatu. Zote pamoja ni tisa.

Blanketi lilichukuliwa na maji. Ni lile lako la mistari, nisamehe. Nilipiga vigelegele peke yangu mtoni, vya Kikisii, mpaka wachungaji wa upande ule wakaja mbio wakidhani kuna mtu amezama.

Bwana shamba alikuja wiki hiyo hiyo. Ni kijana wa kutoka upande wa Nyeri, mpole, viatu vyake havijawahi kuona tope kama letu. Alichimba katikati ya duara moja akatoa majivu, chini yake majivu tena, jino la ng'ombe, kigae. Alichimba nje ya duara hatua mbili tu, akapata udongo mwekundu. Akatuambia chai inataka udongo mkali, na majivu na mavi ya ng'ombe ya miaka mingi huumaliza ukali wote, hivyo mahindi hufurahi na chai hufa. Kisha akajifuta mikono akasema, "Hii mchanga ni ya watu. Watu walikaa hapa miaka mingi sana. Mama, wewe ulipanda chai kwa jikoni ya mtu." Naapa hivyo ndivyo alivyosema, na hakukujua wala hakuwahi kusikia jina lako. Kiprono aligeuka akatazama mto kwa muda mrefu. Bwana shamba alidhani amemkosea, akaanza kuomba msamaha.

Sasa ungedhani hapo ndipo mambo yakaisha. Hapana. Binadamu ukimwonyesha kwamba mahali hapafai kwa chai, hasemi basi tupaache. Anasema basi tupatumie kwa kitu kingine. Kamati ya chai ilikuwa inatafuta mahali pa kujenga kituo cha kupima majani, na uwanja wa lori kugeukia. Arap Sigei akamwambia Kiprono, kwa kuwa pale pamekufa, wasukume kuta zile zijaze mashimo, wapate uwanja tambarare, na kituo kiwe hapo hapo mlangoni petu. Kiprono akakubali. Nisikufiche: hata mimi moyo wangu ulitaka. Unajua naenda mbali kiasi gani na kapu mgongoni, juu kule, saa nzima, mvua ya Mau inaninyeshea kuanzia kisogoni. Kituo mlangoni! Nililala nikiukanda mgongo wangu nikiuambia vumilia kidogo.

Lakini kila nilipofumba macho niliona yale madoa tisa. Nikajua yakifukiwa, mimi ndiye nitakuwa nimewafukia wenye nyumba mara mbili, mara ya kwanza kwa kutabasamu nje ya kanisa.

Mkutano uliitishwa shambani kwetu, mchana, wanaume wamekaa kwenye tuta lako bila hata kujua wamekalia nini. Mimi sikuitwa kusema. Niliitwa kuleta chai. Nilipomaliza kugawa vikombe nikabaki nimesimama na birika. Wakashangaa. Nikasema, naomba nafasi. Arap Sigei akanitazama kwa ule upole wake wa kuudhi akasema, "Mama Chebet, wewe ni mtu ya Kisii. Hii maneno ya Wasirikwa wewe ulisoma wapi?"

Nililishika birika kwa mikono miwili. Nikamjibu. Nikamwambia nimeisomea kwa mama ya bwana yangu, hapa hapa, miaka kumi, nikishika jembe, na kama kuna mtu mwingine kwenye mkutano huu anaijua, ainuke aiseme na mimi nitarudi jikoni. Hakuna aliyeinuka. Wazee wazima, Mama, wenye nywele nyeupe.

Basi nikaweka birika chini, nikawaambia wanifuate. Niliwapitisha kwenye mlango wa zizi la juu, mmoja mmoja, maana hakuna namna nyingine ya kupita pale. Arap Sigei, tumbo alilopewa na Mungu unalijua, ilibidi apite ubavu. Nikamwambia asimame hapo hapo katikati ya mlango, asisogee, kisha nikauliza wenzake: kama yeye ni ng'ombe wa wizi na mimi mwenye nyumba nimekaa hapa kwenye duara hili na mkuki, atafika mtoni? Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata yeye alicheka. Nikawaonyesha nyumba ya kwanza, ya pili, nikawapeleka zote, nikawahesabisha kwa sauti kama watoto wa shule. Tulipofika ya tisa hakuna aliyekuwa anacheka. Mzee mmoja alivua kofia.

Nikasema yote. Mteremko, maji, ukuta, mfereji, majivu. Nikawaambia walioondoka waliondoka, lakini waliobaki waliolewa na kuoa hapa, na kwamba kati ya watu waliosimama pale wapo wenye damu ya waliochimba, kwa hiyo wanachotaka kusukuma na kufukia ni nyumbani kwao. Kiswahili changu hakikujikwaa mahali popote. Najisifu, ndiyo. Ulikuwa wapi usinisikie?

Lakini nawajua watu wa kamati. Historia iliwanyamazisha, haikuwahamisha. Kwa hiyo nikaongeza langu, ambalo wewe hukunifundisha. Nikachukua fimbo ya arap Sigei nikaichomeka kwenye kichuguu cha mavi, ikazama mpaka kwenye kishikio bila nguvu. Nikauliza, lori lililojaa majani, mwezi wa mvua, litageukia hapa? Nani atalisukuma? Bwana shamba, aliyekuwa nyuma kabisa, akakohoa akasema huyu mama anasema kweli, lori itakwama hata kama ni tupu. Hapo ndipo niliona nyuso zinabadilika.

Na hapo mwanao akasimama. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi, nami nilikuwa naogopa hata kumtazama, maana nilikuwa nimempinga mbele ya wanaume wenzake. Akasema kituo kitakwenda juu, kando ya barabara, kwenye shamba lake la kwanza. Arap Sigei akamkumbusha kwamba kule kuna chai nzuri iliyokomaa. Kiprono akajibu, "Najua. Nilipanda mimi. Nitang'oa mimi." Akaongeza, kwa Kipsigis sasa, taratibu, hata mimi nilielewa yote: mama yangu alisema tisa.

Basi. Alishuka mpaka nyumba ya tisa, akapiga magoti, akaanza kung'oa vile vijiti vilivyokufa kwa mikono, kimoja kimoja, akiviweka pembeni. Nikaenda kumsaidia. Alikuwa analia, Mama, na sikumwangalia ili aweze kuendelea. Miaka yote nilidhani hakusikiliza hata siku moja ulipokuwa ukisimulia. Kumbe alikuwa anasikia.

Chai ya juu imeng'olewa mistari kumi. Inauma kuipita. Kituo kinajengwa kwa mabati mapya, na mgongo wangu utaendelea kupanda kule saa nzima kila siku kama kawaida, na siku nyingine nikiwa nimelowa nitakulaumu, ujue. Ndani ya mashimo tumerudisha nyasi. Ng'ombe wako yule wa madoa amezaa jike. Kibuyu chako cha maziwa ya mursik nakisafisha mimi sasa, kwa mkaa wa mti ule ule uliokuwa ukiuchagua, na Kiprono anasema mursik yangu bado haijafikia yako. Namwacha aseme. Najua bado haijafikia.

Kuna siku bado namenya viazi nageuka kukuuliza jambo. Nageuka kabisa, na kisu mkononi. Halafu…

Haya. Mwalimu mkuu wa shule ya akina Chebet ameleta ujumbe. Anataka kuleta watoto Ijumaa, darasa la tano na la sita, waje waione ngome, na ameomba niwaelezee. Ametumia neno hilo mwenyewe, ngome. Nimekubali. Tangu hapo nimekuwa nikijipanga nitaanzia wapi, na kitu kimoja kimenisumbua. Watoto huuliza majina. Wataniuliza nani alichimba hapa, nani alikaa kwenye nyumba hii, mwenye ng'ombe aliitwaje. Nami sijui. Wewe pia hukujua, wala mama yake mama yako. Watu hodari namna ile, waliojua maji na mlima na akili ya mwizi, na hakuna jina lao hata moja lililobaki duniani.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Ijumaa, na kila nitakaposimama pale mpaka nishindwe kusimama, nitaanza kwa kuwaambia jina la mwenye ngome, nalo ni lako. Nitawafanya walirudie wote kwa sauti, mara tatu, lifike ng'ambo ya mto. Tapkigen. Tapkigen. Tapkigen.

Saisere, kwaheri, Mama.

Mkwe wako,
Moraa